Shaaban Robert Anasubiri Kidato cha Tano

Kuuzunguka Mlima Kilimanjaro kuna orodha tatu za vitabu vya fasihi. Kutoka Siha na Machame, kupitia Kibosho, Old Moshi na Marangu hadi Rombo, mwanafunzi wa sekondari anasoma vitabu teule vilivyopitishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutahiniwa na Baraza la Mitihani. Ukivuka mpaka pale Tarakea ukaelekea Loitokitok umeingia Kenya, na huko orodha ni ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Na hapohapo Moshi mjini ipo shule ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 1969, siku hizi ikiitwa UWC East Africa, inayofuata mtaala wa International Baccalaureate (IB), ambako mwalimu mwenyewe ndiye anayepanga darasa lake lisome nini. Vijana watatu wa umri mmoja wanaamka asubuhi wanakiona kilele kilekile cha Kibo. Ukiwakutanisha kwenye daladala ya Himo, hakuna riwaya hata moja ya Kiswahili ambayo una hakika wote watatu wameisoma.

Mpaka wa nchi una sababu zake. Linaloniuma mimi ni mgawanyo ulio ndani ya orodha yetu wenyewe. Kila nchi inayofundisha fasihi hubishana jambo hili: watoto wasome vitabu vikongwe vilivyovuka vizazi, au wasome vya leo vinavyozungumza maisha wanayoyaona? Tanzania tumeumaliza ubishi huo kimyakimya. Vya leo tumewapa wote, vikongwe tumewawekea wachache.

Tazama vitabu ambavyo kidato cha tatu na cha nne wamevisoma kwa takriban miongo miwili. Riwaya ni Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Tamthiliya ni Orodha ya Steve Reynolds, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, na Kilio Chetu iliyotolewa na Medical Aid Foundation. Mashairi ni Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, Malenga Wapya ya TAKILUKI na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Kikongwe kuliko vyote hapo ni Ngoswe, toleo la mwaka 1988.

Sasa panda kidato cha tano. Ghafla unakutana na Kufikirika na Mapenzi Bora vya Shaaban Robert, Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, Nguzo Mama ya Penina Muhando, Kimbunga ya Haji Gora Haji. Vipo na vya karibuni pia, kama Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi iliyotoka 1999, lakini mizizi ya fasihi yetu imepandwa huko juu. Na huko juu hawafiki wote. Anayefika ni yule aliyefaulu kidato cha nne, akapangiwa tahasusi yenye Kiswahili: HKL, HGK, KLF na nyingine za jamii hiyo. Aliyechukua sayansi hafiki. Aliyechukua biashara hafiki. Aliyeishia kidato cha nne akarudi nyumbani, akaenda VETA, akaanza bodaboda au duka pale Mbuyuni, hafiki. Mtanzania anaweza kulijua jina la Shaaban Robert kwa sababu ya mtaa au shule iliyopewa jina hilo Dar es Salaam, akazeeka bila kuwahi kufungua riwaya yake hata moja.

Katika ushairi mambo ni afadhali, na inafaa kusema kwa nini. Mwanafunzi anayeanza na Wasakatonge ya Khatib atamkuta Khatib huyohuyo kidato cha tano katika Fungate ya Uhuru. Anayeanza na Mashairi ya Chekacheka atamkuta Mvungi tena katika Chungu Tamu. Anakua pamoja na mshairi, anamwona alivyokuwa kijana na alivyobadilika. Hata Mbogo wa Watoto wa Mama N'tilie anarudi kama mtunzi wa tamthiliya ya Morani. Shaaban Robert anatokea bila kubisha hodi, kwa kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane ambaye hajawahi kuzoezwa sentensi zake, na walimu wanashangaa kwa nini kijana anasema kitabu ni kigumu.

Jambo jingine. Katika Kiingereza, mtoto huyohuyo wa kidato cha nne amekuwa akikutana na Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni na This Time Tomorrow ya Ngugi wa Thiong'o, kazi zilizoandikwa miaka ya 1960. Yaani Afrika ya miaka ya uhuru anaisoma kwa lugha ya kujifunza darasani. Kwa lugha anayonunulia ndizi sokoni haimfikii.

Mlima wenyewe ulikuwa na jibu lake la zamani kwa swali hili. Wachagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikishika somo lake. Mwalimu wa vijana walioingia jandoni alipita nayo kutoka alama hadi alama, akiimba na kueleza: mwili, ndoa, uzazi, heshima, hatari. Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi Kidia, Old Moshi, alikusanya mafundisho ya Wachagga akayachapisha Ujerumani katika mabuku matatu kati ya 1932 na 1938. Otto Raum naye aliandika juu ya malezi ya watoto wa Kichagga katika kitabu cha mwaka 1940. Baadaye Petro Itosi Marealle, Mangi wa Marangu, aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, mwaka 1947, ili mambo hayo yasibaki kwenye vitabu vya wageni peke yake.

Sitaki kuupamba mregho. Ulikuwa na mafundisho ambayo leo hakuna mzazi wa Uru au Kilema angeyataka kwa binti yake, na haukumwachia kijana nafasi ya kupinga. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, kilichokuwa kikongwe na kizito kuliko vyote kilikuwa cha kila kijana wa rika. Hakikungojea mwenye akili nyingi wala mwenye bahati. La pili, alama kwenye mti hazikubadilika, ila somo lilikaa katika kinywa cha mwalimu, na mwalimu alisema na vijana waliokuwa mbele yake siku ile. Ukongwe na usasa viliishi katika saa moja ya mafundisho. Mfumo wetu umevitenga kwa miaka miwili ya shule na mtihani mmoja mkubwa katikati.

Tulifikaje hapa? Orodha hii ilikua pamoja na mtaala wa miaka ya 2000, wakati ambapo elimu yetu iliazimia kufundisha stadi za maisha na masuala mtambuka: UKIMWI, jinsia, watoto wa mitaani, imani potofu, umaskini. Vitabu vilipimwa kwa tatizo vinalolibeba. Nia ilikuwa njema, na katika kitabu kimoja ilizaa tunda ambalo sitalidharau.

Kitabu hicho ni Takadini. Mtoto anazaliwa na ualbino, mila inataka afe, mama yake Sekai anamtorosha. Riwaya hii ilikuwa mikononi mwa wanafunzi wetu katika miaka ileile ambayo habari za kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino zilikuwa zikiitia nchi hii aibu na huzuni. Na kwa msomaji wa Moshi ina uzito wake wa pekee, kwa sababu hapa hospitali ya KCMC, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ndipo ilipoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwanafunzi anaweza kusoma habari za Sekai asubuhi na mchana akamwona mtoto mwenye ualbino amevaa kofia pana akisubiri gari la Shanty Town. Hapo kitabu kimegusa mtaa.

Lakini tazama ni kitabu cha namna gani. Hadithi yake inatokea Zimbabwe, zamani za kabla ya ukoloni. Hakuna simu ndani yake, hakuna polisi, hakuna semina. Riwaya iliyofanya kazi kuliko zote katika orodha ya vitabu vya leo ni hadithi ya kale ya mbali. Imefanya kazi kwa sababu mama anayekimbia usiku na mtoto mgongoni ni mtu kamili, naye tunamfuata kwa hofu kabla hatujaambiwa dhamira ni ipi.

Weka pembeni yake Kilio Chetu na Orodha. Kilio Chetu ilitoka mwaka 1995, na Orodha ilifika shuleni ikiwa na hofu ileile ya UKIMWI. Katika Orodha, binti Furaha amekufa na ameacha barua, na wanaume wa kijiji wanaogopa majina yatakayosomwa kaburini. Kama mchezo wa jukwaani, hofu hiyo ina nguvu bado. Ila dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa Majengo mwaka 2010 ana shangazi anayemeza vidonge vyake kila usiku, anauza dukani na kusomesha. Mtoto huyo anafungua kitabu cha shule na kuambiwa kwamba kuambukizwa ni kufa. Mwalimu asipokuwa makini, kitabu kilichochaguliwa ili kuokoa maisha kinamfundisha kumtazama shangazi yake kama maiti. Kitabu kilichoteuliwa kwa ajili ya tatizo la mwaka fulani huzeeka tatizo hilo linapobadilika sura, na kwa kuwa hakikuchaguliwa kwa ufundi wake, hakibaki na kitu cha kukishikilia. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, haijachakaa namna hiyo.

Kijana mmoja wa Kiboriloni aliniazima nakala yake ya Joka la Mdimu niione. Ilikuwa imefunikwa kwa karatasi ya kaki, kona zimelainika kwa mikono mingi, muhuri wa shule umefifia. Kurasa za mwanzo zilijaa kalamu ya risasi: dhamira ya kwanza, dhamira ya pili, mhusika mkuu, tamathali, kila aya ikiwa imefungiwa kwenye kisanduku chake. Amani, dereva wa teksi anayehangaika kumtibu mwanawe Cheche, alikuwa amepigiwa mstari kwa wino mwekundu mara kadhaa, na pembeni mtu ameandika: ugumu wa maisha. Kuanzia nusu ya kitabu kwenda mbele karatasi zilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyefika huko. Pamoja nacho kijana alinipa kijitabu chembamba cha uhakiki, cha kununua dukani, na hicho kilikuwa kimechanika mgongo kwa kusomwa.

Simlaumu. Mtihani unamtaka atoe hoja tatu kutoka kila kitabu katika vitabu viwili, na hoja hizo zimeshajibiwa na kaka zake na dada zake kwa miaka mingi, zimechapwa, zinauzwa. Orodha inapokaa bila kuguswa muda mrefu namna hii, kitabu kinageuka kuwa majibu. Cha leo au cha jana, vyote hupatwa na hilo.

Kwa hiyo nikiwatazama majirani wa Loitokitok naona wametupita kwa jambo moja. Kenya hubadilisha vitabu teule kila baada ya takriban miaka mitano. Kulikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, zikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Arege tena. Waandishi wanapata sababu ya kuandika, wachapishaji wanapata sababu ya kuchapa, na mwalimu analazimika kusoma upya. Mwanafunzi hawezi kuishi kwa madaftari ya kaka yake.

Ila na wao wamelipa bei yake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, iliwahi kusomwa na vijana wengi wa Kenya, ikatoka. Siku Njema ya Walibora, ambayo Kongowea wake anaanzia Tanga na kuvuka kwenda Kenya kumtafuta baba, ilipendwa na kizazi kizima, ikatoka. Orodha za karibuni zimekuwa za waandishi wa Kenya karibu watupu. Ushairi hauna diwani teule, unatahiniwa kwa mashairi ambayo mwanafunzi hajawahi kuyaona. Matokeo yake, Mkenya wa miaka arobaini na mdogo wake wa miaka thelathini hawana kitabu cha pamoja, na hakuna kati yao aliyelazimika kumsoma Shaaban Robert. Sisi tumemweka mkongwe ghorofani, wao wamemtoa nje ya nyumba.

Waingereza wamekwenda upande mwingine kabisa. Tangu mabadiliko yaliyoanza kufundishwa Septemba 2015, kila anayefanya mtihani wa fasihi ya Kiingereza wa GCSE, akiwa na miaka kumi na sita, lazima asome tamthiliya ya Shakespeare, riwaya ya karne ya 19, ushairi, na kazi moja ya Visiwa vya Uingereza ya tangu 1914. Utaratibu huo ulivisukuma nje vitabu vya Marekani vilivyopendwa sana, Of Mice and Men na To Kill a Mockingbird, na wengi walilalamika, kwa haki. Hata hivyo mtoto wa fundi bomba anamsoma Shakespeare darasa moja na mtoto wa hakimu, kabla hawajaachana njia. Ufaransa nako, katika mwaka wa mtihani wa Kifaransa wa baccalauréat, kuna orodha ya kitaifa ya vitabu kumi na viwili, na mageuzi ya 2019 yaliweka utaratibu wa kubadilisha robo yake kila mwaka. Orodha inatembea bila kung'olewa mizizi. Huo ndio utaratibu ninaoupenda kuliko mingine yote niliyoitaja.

Uhuru wa mwalimu wa IB pale Moshi unavutia pia. Anapanga kazi tisa kwa ngazi ya kawaida, kumi na tatu kwa ngazi ya juu, mradi zitoke nyakati tofauti, sehemu tofauti za dunia, na nyingine ziwe tafsiri. Lakini uhuru huo unahitaji maktaba, madarasa madogo na mwalimu mwenye muda wa kusoma. Mwalimu wa shule ya kata kule Tarakea mwenye mikondo minne na nakala chache za kila kitabu, ukimwambia achague mwenyewe umemwachia mzigo tu. Kwake orodha ya taifa ni msaada, ilimradi iwe orodha nzuri.

Kuna hoja ya heshima dhidi ya vitabu vikongwe, nayo ilisemwa vizuri kuliko pengine popote Nairobi mwaka 1968, pale Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe. Waliuliza: vikongwe vya nani? Kwa nini Afrika iwe kiambatisho cha fasihi ya Uingereza? Walikuwa sahihi. Waliouliza, hata hivyo, walitaka fasihi simulizi na fasihi za Kiafrika ziwekwe katikati. Hawakusema katikati pabaki patupu. Na Tanzania ilikuwa na jibu la namna yake katika miaka ileile: Rais Nyerere akitafsiri Julius Caesar, toleo la kwanza 1963, kisha Mabepari wa Venisi 1969, na S. S. Mushi, ambaye ukoo wake kila mtu wa Moshi anaujua unakotoka, akitoa Makbeth mwaka 1968, Tufani 1969, na Mfalme Edipode ya Sophocles mwaka 1971. Watu hao walichukua vikongwe vya dunia wakavitia katika lugha ya wote, wakiamini mkulima na karani wana haki navyo. Leo ni nadra kuikuta Makbeth ya Mushi katika darasa lolote la mkoa huu.

Turudi kwa Shaaban Robert. Walimu wananiambia lugha yake ni nzito, majina ya wahusika ni mafumbo, na anahubiri. Kuhubiri ni kweli, anahubiri. Lakini Kusadikika ni kisa ambacho mtoto wa kidato cha pili anakishika mara moja. Nchi inayoelea angani. Kijana Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Barazani anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuisaidia nchi, na kila mmoja akaishia gerezani. Mtoto gani aliyewahi kunyamazishwa darasani kwa kusema kweli ataomba kufafanuliwa kisa hicho? Kitabu ni chembamba, sura zake ni safari, na kila safari inaweza kusomwa kwa sauti ndani ya vipindi viwili. Kisha mpe Ngoswe, karani wa sensa anayepoteza kazi ya serikali kwa mapenzi, na nyaraka zake zikachomwa moto. Vitabu viwili vinaulizana: nani anayeiangusha nchi, anayekataa maarifa yaliyoletwa, au aliyetumwa kuyakusanya akayachezea? Mjadala huo hauwezi kununuliwa dukani umeshajibiwa.

Utubora Mkulima, riwaya yake nyingine, nayo ingepata wasomaji wake wa kweli hapa mlimani. Kijana anaacha kazi ya mshahara mjini anakwenda kushika jembe. Msomeshe mtoto wa Kibosho ambaye kihamba (shamba la ukoo) cha babu kimegawanywa kwa baba na baba wadogo mpaka kimebaki vipande vya migomba, kahawa imeng'olewa, mfereji wa mfongo umekauka, na kila Krismasi ndugu wanarudi kutoka Dar na Arusha na magari kisha wanaondoka. Atamkubali Utubora? Nadhani wengi watamkatalia, na watakuwa na hoja za kutosha. Kitabu kikongwe kikisomwa na watu wenye haki ya kukikatalia kinapata uhai ambao hakikuupata wakati kilipotolewa mwaka 1968.

Na tusidhani vikongwe vilizaliwa vikiwa vikongwe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 iliwatisha wakubwa, ikazuiwa shuleni kwa muda, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akairuka. Kilichokuwa cha kisasa mno ndicho tunachokiita msingi. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, inavuruga hesabu zetu za kale na sasa kwa namna hiyohiyo: mwandishi yu hai, Kiswahili chake ni cha juzi, na kijana wake Yusuf anaishi kwa muda katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji, miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wa Moshi wangeutambua mlima huo hata usipotajwa jina.

Sera ya Elimu, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, mpaka kidato cha nne. Maana yake taifa lenyewe limekiri mahali ambapo safari ya pamoja inaishia. Mtaala mpya nao ulianza kutekelezwa Januari 2024. Kila kitakachopangwa kwa kidato cha tano kimepangwa kwa waliochujwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, inatuletea waandishi wapya kila mwaka, nami nataka waingie kwenye orodha kwa zamu, robo kwa robo kama Wafaransa, badala ya kungoja miaka ishirini. Mkongwe mmoja angeweza kukaa pamoja nao bila kuwanyima nafasi.

Hata gharama haizuii. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mwandishi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufariki, na Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hiyo Kusadikika inaweza kuchapwa kwa karatasi ya kawaida, kwa bei ya daftari kubwa, ikapelekwa kila shule ya kata kutoka Siha hadi Tarakea, nakala moja kwa kila dawati.